Mswada wa kurasa 240 kwa laki moja na nusu: upime kwanza, bei baadaye

*Swali: Mimi ni mhariri wa kujitegemea, naishi Morogoro. Mwalimu mkuu mstaafu ameniletea mswada wa kumbukumbu zake wenye kurasa 240. Anataka niuhariri, niupange kurasa na "kuupitisha BAKITA" (Baraza la Kiswahili la Taifa) ndani ya siku tano kwa shilingi 150,000. Alinitumia 50,000 papo hapo, nikaona aibu kukataa kwa kuwa ni mzee ninayemheshimu. Siku mbili zimekwisha na nimemaliza sura ya kwanza tu. Nikimgusia bei anasema kuna kijana atakayeifanya kwa laki. Nimwambieje, na kazi kama hii ilipaswa kuwa shilingi ngapi?*

Usimgusie tena suala la bei mpaka uwe na namba mkononi. Kwa sasa wewe unasema kazi ni kubwa, yeye anasema ni ya kupitia tu, na katika mabishano ya namna hiyo mzee hashindwi na kijana. Ukiwa na namba, mazungumzo yanakuwa ya mswada, si ya heshima.

Anza na ukubwa wake. Kurasa 240 hazisemi kitu. Ukurasa wa A4 wenye herufi za ukubwa wa 12 na nafasi mbili kati ya mistari unabeba maneno kama 250 hadi 300. Ukibanwa kwa nafasi moja unabeba 500 na ushee. Kwa hiyo huo mswada unaweza kuwa na maneno 60,000 au 120,000, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Fungua faili kwenye Microsoft Word, idadi ya maneno iko chini kushoto. Kama ulipewa picha za karatasi zilizoandikwa kwa mkono, hapo kuna kazi ya kuchapa kabla ya kazi ya kuhariri, nayo ina bei yake. Tuchukue kwamba faili lako lina nafasi mbili na lina maneno 62,000.

Kisha pima ugumu. Chukua vipande vitatu vya maneno 1,000 kila kimoja: kimoja mwanzoni, kimoja katikati, kimoja karibu na mwisho. Usitegemee sura ya kwanza uliyokwisha kuifanya. Waandishi wengi huandika na kuandika upya sura ya kwanza, wakifika ya tano wamechoka, na ya mwisho wanaikimbiza. Hariri kila kipande kama ambavyo ungekihariri kwenye kazi yenyewe, ukiangalia saa. Tuseme kipande cha kwanza kimechukua dakika 50, cha pili 85, cha tatu 75. Wastani ni dakika 70 kwa maneno 1,000.

Zidisha kwa 62: ni dakika 4,340, yaani saa 72 na dakika 20. Huo ni mpito wa kwanza tu. Mpito wa pili, wa kukagua masahihisho yako mwenyewe na kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa Mwanaidi sura ya pili halikugeuka Mwanahidi sura ya tisa, weka dakika 20 kwa maneno 1,000: saa 20 na dakika 40. Jumla saa 93. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya simu, maswali kwa mwandishi na kusubiri majibu yake, unafika saa 102.

Sasa saa 102 ni siku ngapi? Hapa ndipo wahariri wengi wanapojidanganya wenyewe kabla ya kudanganywa na mteja. Saa za kuhariri kwa umakini kwa siku ni tano, sita ukijikaza. Baada ya hapo jicho linasoma linachotarajia, haliyaoni tena yaliyoandikwa. Kwa saa tano kwa siku, kazi ni ya siku 21 za kazi, wiki nne na ziada. Kwa siku tano alizotaka, ungefanya saa 20 kila siku. Na kwa 150,000 unalipwa shilingi 1,470 kwa saa, kabla hujanunua bando wala kuweka LUKU.

Laki moja na nusu haikutoka hewani, lakini. Mtu asiyewahi kufanya kazi na mhariri analinganisha na huduma anayoifahamu, nayo mara nyingi ni kuchapiwa kazi steshenari, inayolipwa kwa ukurasa. Ukichukua shilingi 600 kwa ukurasa mara 240, unapata 144,000. Inawezekana kabisa Mwalimu anaamini amekuongezea kidogo. Huyu si mchoyo, ni mtu anayedhani ananunua kitu kingine, na ndiyo maana kumwambia "bei ni ndogo" hakusaidii. Mwonyeshe kazi.

Kumwonyesha ni rahisi. Kile kipande cha katikati ulichokipima, kifanye ukiwa umewasha Track Changes ili kila ulichofuta na ulichoongeza kionekane kwa rangi, mchapie kurasa mbili, mpelekee mkononi. Mwalimu aliyesahihisha insha miaka mingi ataelewa ukurasa wenye wino mwekundu haraka kuliko maelezo yoyote utakayompa kwa simu.

Kuhusu bei yenyewe. Usianze kwa kuuliza wenzako wanatoza ngapi, anza na mahitaji yako. Tuseme kodi ya nyumba, chakula, usafiri, bima ya afya na akiba vinahitaji 900,000 kwa mwezi. Gharama za kazi weka 150,000: bando, umeme, kuchapa, na sehemu ya kununua kompyuta nyingine hii itakapokufa (ya 1,200,000 ikidumu miaka mitatu ni zaidi ya 33,000 kwa mwezi, na karibu hakuna anayeihesabu). Jumla 1,050,000. Ukigawanya kwa saa 110, yaani siku 22 mara saa tano, utapata kiwango kizuri kwenye karatasi na njaa mfukoni, maana hakuna mwezi ambao kila saa yako inalipiwa. Kuna kutafuta kazi, kuandika mapendekezo, kufuatilia ankara, na wiki ambazo hakuna mswada. Saa 70 zenye malipo kwa mwezi ni makadirio ya busara kwa mtu anayejitegemea. 1,050,000 kwa 70 ni 15,000 kwa saa. Weka namba zako badala ya zangu, hesabu ni ileile, na kodi ya mapato nayo ina nafasi yake humo.

Saa 102 kwa 15,000 ni 1,530,000. Ndiyo, ni mara kumi ya anachotaka kulipa.

Taasisi yenye bajeti ya machapisho inaweza kulipa hiyo. Mstaafu anayechapisha kitabu kwa mafao yake huenda asiweze, na hapo utasikia kishawishi cha kukutana naye katikati, laki nane, laki saba, halafu laki tano. Usifanye hivyo. Ukishusha bei bila kushusha kazi, utaishia kuishusha kazi kimyakimya: utaruka mpito wa pili, utaacha kuuliza maswali, na jina lako litachapwa kwenye ukurasa wa ndani wa kitabu chenye makosa. Punguza kazi waziwazi, kiwango cha saa kibaki palepale.

Kwa 150,000 kuna kitu kizuri tu anachoweza kupata: ripoti ya mswada. Unausoma wote bila kuhariri. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika ni dakika 310, saa tano na dakika kumi. Ongeza saa tatu za kuandika madondoo pembeni na saa mbili za kuandika ripoti yenyewe, unafika saa kumi. Ripoti ya kurasa tatu au nne inamwambia sura zipi zimejirudia, wapi tarehe zinagongana, sehemu gani ni ndefu mno, nani katajwa kwa ubaya kiasi cha kuweza kumletea mwandishi kesi (kumbukumbu za wakuu wa shule hazikosi hilo), na makosa gani ya lugha yanajirudia.

Hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu makosa mengi katika mswada wa mtu mmoja ni machache yanayorudiwa mara mia. Kwasababu badala ya kwa sababu. Kwahiyo badala ya kwa hiyo. Ambae badala ya ambaye. Haya yote mwandishi anaweza kuyasahihisha mwenyewe kwa kutafuta na kubadilisha kwenye Word, ukimpa orodha na maelekezo. Yasiyoshikika kwa njia hiyo ni vitenzi vilivyokatwa, kama "nilivyo kuja" na "ana fundisha", maana kila kimoja ni tofauti. Upatanisho wa kisarufi vilevile unahitaji jicho la mtu. Kikagua tahajia kitaziacha "vitabu zangu" zipite salama kwa kuwa kila neno peke yake ni sahihi. Vivyo hivyo "haya" na "aya", "dhana" na "zana" kwa mwandishi anayechanganya dh na z: haya yanataka mtu.

Daraja la pili la kazi, baada ya ripoti, ni kusahihisha makosa peke yake, tahajia, alama na upatanisho, bila kuzigusa sentensi mbovu wala mpangilio wa habari. Kwa dakika 30 kwa maneno 1,000 ni saa 31, yaani 465,000 kwa kiwango kilekile. Tahadhari moja: mteja atakuambia anataka hili, kisha akiona sentensi ya mistari saba uliyoiacha atauliza kwa nini hukuigusa. Kwa hiyo andika kwa maneno, kabla ya kuanza, kwamba sentensi ndefu, marudio na usahihi wa habari havimo. Daraja la tatu ndilo lile kamili la 1,530,000. Kama unaanza kazi na unataka kulitoza kwa 8,000 kwa saa ili upate kitabu cha kuonyesha, toza 816,000, lakini ankara ionyeshe bei kamili na punguzo chini yake. Asiyeona punguzo huamini hiyo ndiyo bei, na rafiki zake watakuja wakiamini hivyo hivyo.

Kupanga kurasa ni kazi nyingine kabisa. Itoe kwenye mazungumzo haya, itozwe kwa ukurasa uliopangwa, na isianze kabla maandishi hayajafungwa. Kosa la kawaida ni kupanga mapema ili mteja "aone kinavyofanana", kisha anaongeza aya mbili kwenye sura ya tatu na kila kitu baada ya hapo kinasogea, pamoja na yaliyomo na faharasa. Baada ya kupanga panahitajika usomaji wa prufu, yaani nakala iliyopangwa kabla haijaenda kuchapwa, na msomaji huyo asiwe wewe. Hata kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka tafsiri ipitiwe na mtu wa pili asiye mfasiri mwenyewe, kwa sababu aliyetengeneza maandishi hayaoni tena. Mteja anayedai kitabu kisicho na kosa hata moja kutoka kwa mtu mmoja, mwambie wazi kwamba hilo huliahidi, na umwambie gharama ya jicho la pili.

Na BAKITA. Hapa usikubali hata kidogo. Ithibati ya lugha inatolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa kwa taratibu na ada zake. Kama ndoto yake ni kitabu kiingie darasani, kuidhinisha vitabu vya shule ni kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kumbukumbu za mtu binafsi ni jambo jingine na kitabu cha kiada ni jingine. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Unaweza kumsaidia kuandaa maombi, kwa malipo, lakini matokeo hayako mikononi mwako na hayawezi kuwa sharti la wewe kulipwa. Ukiandika "kupitisha BAKITA" kwenye makubaliano, salio lako litasubiri uamuzi wa watu usiowajua.

Siku tano nazo ulizia chanzo chake. Mara nyingi nyuma yake kuna tarehe ya uzinduzi, sherehe ya familia au ahadi ya mchapaji. Ukiijua tarehe unaweza kupendekeza kitu. Usipoijua unabishana na hewa.

Ujumbe wa kumpelekea, pamoja na zile kurasa mbili zilizochapwa, unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza sura ya kwanza, na kabla ya kuendelea nimeupima mswada wote. Una maneno 62,000, na kwa sampuli tatu nilizozifanya, uhariri kamili unahitaji saa 102, siku 21 za kazi. Nilipaswa kukueleza hili kabla ya kupokea fedha, naomba radhi. Kwa 150,000 naweza kuusoma wote na kukupa ripoti ya maandishi pamoja na orodha ya makosa yanayojirudia, ndani ya siku tatu. Kusahihisha makosa ya lugha tu ni 465,000 kwa siku saba. Uhariri kamili ni 1,530,000. Vyovyote utakavyochagua, ile 50,000 inahesabiwa humo. Kurasa ninazokuletea zinaonyesha kazi ilivyo. Nitafurahi tukikaa tuzungumze."

Angalia kwamba hakuna neno kuhusu kijana wa laki. Akimtaja tena, usimseme vibaya wala usishindane naye. Mwombe Mwalimu ampe yule kijana maneno 1,000 yaleyale ya katikati, alinganishe. Huenda kijana anafanya kazi nzuri kwa bei hiyo, na kama ndivyo, mwache Mwalimu anufaike. Huenda pia anauingiza mswada kwenye programu ya akili mnemba na kuurudisha baada ya nusu saa. Maandishi ya namna hiyo yananyooka kwa juu, lakini sentensi zinakuwa na mifupa ya Kiingereza, na sauti ya mzee aliyefundisha Kilosa miaka ya 1970 inageuka kuwa ya mtangazaji wa semina. Mteja akikuletea mswada uliopitia huko na kusema ni wa kusafisha tu, pima upya kwa sampuli ileile. Mara nyingi unachukua muda mrefu kuliko ule wa asili, kwa sababu huna tena njia ya kujua mwandishi alitaka kusema nini. Omba rasimu ya zamani.

Akichagua daraja lolote, andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano. Kama karatasi inaleta ubaridi kati yako na mzee, ujumbe wa WhatsApp unaoorodhesha mambo yote na yeye akajibu "nimekubali" unatosha kuanzia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba ya kielektroniki. Lazima humo iwemo idadi ya maneno siku ya kuanza, na kwamba maneno yatakayoongezwa baadaye yanalipiwa kwa kiwango kilekile. Kinachofanyika na kisichofanyika. Mizunguko miwili ya marekebisho, wa tatu unalipiwa. Jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Na kamusi inayofuatwa pale mnapobishana tahajia, kwa mfano Kamusi Kuu ya Kiswahili. Hilo la kauli ya mwisho usilidharau. Kumbukumbu za familia zina mtoto wa kwanza aliyeko Dodoma, shemeji mwenye shahada ya Kiswahili na mchungaji, na kila mmoja atarudisha nakala yake yenye maoni yanayopingana. Maoni yote yapitie kwa Mwalimu, yaje kwenye faili moja.

Malipo yagawe: asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 katikati, 30 kabla ya kukabidhi faili safi. Siku zinaanza kuhesabiwa pale mswada mzima na malipo ya awali vinapokuwa vimefika vyote viwili. Mteja anayetuma sura moja moja huku tarehe ya mwisho ikibaki palepale ndiye chanzo cha usiku mwingi usiolipwa. Katikati ya kazi mpe nakala yenye masahihisho yanayoonekana, na faili safi litoke baada ya salio.

Ukipata kazi za taasisi, kumbuka kwamba Tanzania taasisi inayolipa ada ya huduma kwa mkazi hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti cha kodi hiyo, kwa sababu inapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa TRA mwisho wa mwaka. Fiverr, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, huchukua asilimia 20 ya malipo yako, kwa hiyo 15,000 yako ya saa huko lazima iwe 18,750. Na ukihariri tafsiri za kutoka Kiingereza kwa wateja wa nje wanaolipa kwa neno, omba wahesabu maneno ya matini chanzi, yaani ya Kiingereza: Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, hivyo kwa maana ileile kina maneno machache kuliko Kiingereza, na anayelipwa kwa neno la Kiswahili anapunjwa.

Imebaki ile 50,000. Akichagua ripoti, hakuna tatizo, ni malipo ya awali ya 150,000. Akikataa yote na kutaka fedha yake, mpe sura ya kwanza iliyohaririwa na ufanye hesabu kwa makubaliano ya awali, hata kama yanakuumiza: kama sura ina maneno 5,000 kati ya 62,000, sehemu yake katika 150,000 ni kama 12,000. Rudisha 38,000 kwa njia ileile aliyoitumia yeye, makato ya kutuma yawe juu yako, na umwandikie kwamba faili la sura ya kwanza ni lake kulitumia apendavyo.